Madam, Upo?

Ujumbe wenyewe una maneno mawili tu, na hauchagui wakati: alfajiri kabla ya adhana, mchana wa jua kali, saa 6 usiku. "Madam, upo?" Basi. Mwanafunzi yuko Kasulu au Newala, ameshika simu, anasubiri tiki zigeuke bluu ndipo aseme alichonacho. Ukijibu kwamba upo, inafuata shikamoo, hali ya nyumbani, watoto wanaendeleaje, poleni na mvua. Swali lenyewe likija kujitokeza, jibu lake limo ukurasa wa pili wa mwongozo wa kozi, na mwongozo alishatumiwa.

Siwacheki. Kwetu shida haitangulii salamu, na simu haijabadilisha hilo. Lakini izidishe salamu hiyo kwa wanafunzi mia na ushee, uitawanye usiku na mchana, ndipo utaelewa ni vipi mwalimu wa masafa anaweza kumaliza siku hajafundisha kitu na mgongo bado unamuuma.

Nafundisha mbinu za utafiti kwa masafa tangu mwaka 2020. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima wenye ajira: walimu wa shule za msingi, wauguzi, makarani wa mahakama, maofisa ugani, na mmoja yuko Muscat, ambako saa ya ukutani iko mbele ya yetu kwa saa moja. Wanasoma baada ya kazi, wakishalaza watoto. Mimi niko Morogoro, na jirani yangu mmoja bado anaamini niliachishwa kazi, kwa kuwa Jumatatu asubuhi ananiona uani naanika nguo. Kwa miaka hii nimefikia neno moja ambalo humwambia kila mwenzangu anayepewa kozi ya mtandaoni: kufundisha hakuchukui muda mwingi, muda unaliwa na kujibu. Na mwanafunzi wa mbali hadai uwepo wako wa kila saa. Anataka awe na hakika ya saa utakayokuwepo.

Tulianza kwa kusukumwa. Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona, na kesho yake ikawa zamu ya vyuo. Chuoni kwetu mfumo wa Moodle ulikuwepo siku nyingi, ila kazi yake ilikuwa kuhifadhi PDF ambazo hakuna aliyezifungua. Agizo lililotufikia lilikuwa fupi: wasilianeni na wanafunzi kwa njia yoyote mliyonayo. Njia yoyote, kwa Tanzania ya mwaka ule, ilikuwa WhatsApp. Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, wenzangu walirudi kwenye kalamu za ubao na projekta. Mimi nikakabidhiwa programu ya elimu masafa ambayo idara ilikuwa imeizungumzia kwa miaka bila kuianzisha. Pamoja na programu nikakabidhiwa grupu.

Grupu lile lilikuwa kama kituo cha daladala saa 12 jioni, kila mtu anaita na hakuna anayesikia. Swali la namna ya kuchagua sampuli linaulizwa saa 3 asubuhi. Linafunikwa na tangazo la msiba, dua, picha za mahafali ya mtoto wa mtu, na video ya mchungaji ambayo hakuna aliyeiomba. Saa 8 mchana swali lile lile linaulizwa na mwingine ambaye hakujisumbua kupanda juu kusoma. Unalijibu tena. Usiku analileta wa tatu, safari hii faragha, maana anaona haya mbele ya wenzake. Wa nne anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, na swali limo dakika ya tatu na nusu, baada ya honi ya pikipiki.

Darasani mambo hayaendi hivyo. Mtu mmoja akinyoosha mkono, ukamjibu, wenzake wote wamesikia. Jibu moja limetumika mara mia. Ukihamisha darasa kwenda kwenye simu za watu binafsi unaipoteza faida hiyo, na wanaopanga ratiba za vyuo hawaioni hasara kwa sababu haina mahali pa kuandikwa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120 za mwanafunzi. Hesabu nzuri, ila ni ya mwanafunzi. Ya mwalimu ifanye mwenyewe: wanafunzi 120, kila mmoja ameleta kazi ya kurasa nne, na wewe unampa dakika 15 za kusoma na kuandika maoni. Ni saa 30, kwa kazi moja. Bado kuna kazi ya pili, kuna jaribio, kuna mtihani, na hujamjibu mtu yeyote kama upo.

Niliyoyafanya baadaye sikuyatoa kwenye kitabu cha teknolojia. Niliyatoa kwa mama.

Mwaka 1973 mama alikuwa kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomaji wa rika langu wamesimuliwa. Vijana huenda hawajui kwamba nchi hii iliwahi kufundisha watu wapatao milioni mbili kwa mara moja, kwa masafa, bila waya wowote kufika kijijini. Kipindi kilirushwa na Redio Tanzania. Vikundi vilikusanyika penye redio, chini ya mwembe, kwenye ofisi ya chama, au sebuleni kwa mwenye redio. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu, na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Kipindi kikiisha redio inazimwa, kijitabu kinafunguliwa, watu wanajadiliana: kwetu mbu wanazaliana wapi, choo kichimbwe wapi, nani ataanza. Halafu wanakwenda kuchimba.

Mama alikuwa na miaka kumi na tisa, na aliyekuwa mkubwa kuliko wote kikundini alikuwa babu mmoja mkaidi wa kijiji. Nilikuwa nikimwuliza: mkikwama kwenye swali mlimwuliza nani, wakati redio haijibu? Alikuwa akishangaa swali langu. "Tuliulizana," alisema. "Likitushinda tunaliandika, mwalimu wa elimu ya watu wazima akipita Ijumaa tunampa." Mengi, alisema, yalikuwa yamekwisha kabla Ijumaa haijafika.

Nilimsikia akiyasimulia hayo mara nyingi tangu nikiwa mdogo, ila yalinigusa usiku mmoja nikiwa nimekaa kitandani na simu, najibu kwa mara nyingine tofauti ya dhana na nadharia. Redio ile haikuweza kujibu, na kwa kuwa haikuweza, waliopanga kampeni walilazimika kufikiri mapema swali litaenda wapi. Sisi tuna chombo kinachojibu kwa sekunde, basi hatukufikiria chochote. Swali lote linamwendea mwalimu kwa sababu njia ya kwenda kwake iko wazi na ni bure, au karibu na bure.

Muhula uliofuata niliwagawa wanafunzi katika vikundi vya watu sita au saba, kila kikundi na kiongozi na grupu lao dogo ambalo mimi simo. Sharti lilikuwa moja: swali la kozi lianzie kwenye kikundi. Likiwashinda, kiongozi analiandika na kulileta kwenye baraza la kozi kwenye Moodle, ambako jibu langu linasomwa na wote na halifunikwi na matangazo ya misiba. Swali la faragha lilibaki kwa mambo ya faragha kweli: ugonjwa, ada, ndoa iliyoharibika, mwajiri anayemnyima mtu ruhusa ya kwenda kufanya mtihani.

Havikushika vyote. Nilivyovipanga kwa mkoa vililegea haraka. Kuishi wote Mbeya hakuwafanyi watu wawe na la kuzungumza. Vilivyoshika ni vya watu wa kazi moja. Wauguzi walikuwa wa ajabu. Wako zamu tofauti, hawaonani hata kwa bahati, lakini walikuwa wakiachiana ujumbe wa sauti mmoja akitoka zamu na mwingine akiingia, na asubuhi mjadala wa sampuli ulikuwa umekwisha. Walimu wa shule moja walikuwa na faida ya staftahi: wanakunywa chai pamoja, wanabishana juu ya dodoso. Waliokuwa wagumu ni maofisa wenye vyeo. Afisa wa halmashauri haoni ni kwa nini amwulize mwalimu wa darasa la tatu kitu. Hao niliwaachia kikundi chao, wakajifunza kuulizana wenyewe kwa wenyewe kwa heshima kubwa na maneno marefu.

Michael G. Moore, msomi aliyefanya kazi ya elimu ya watu wazima nchini Kenya katika miaka ya 1960 kabla ya kuhamia Marekani, aliandika baadaye kwamba umbali katika elimu haupimwi kwa kilomita. Kwake yeye unapimwa kwa mazungumzo yaliyopo kati ya mwalimu na mwanafunzi, na kwa jinsi kozi ilivyopangwa. Namkubali, na ninaongeza kitu kimoja ambacho mtu aliyewahi kuishi Afrika Mashariki ya miaka ile bila shaka alikijua: mazungumzo yana saa zake. Hata Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijengwa juu ya vituo vya mikoa, mahali ambapo mwanafunzi anajua akienda atamkuta mtu.

Basi nikaweka saa. Jumanne na Alhamisi, saa 2 hadi saa 3 na nusu usiku. Jumamosi, saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Katika saa hizo nipo kwelikweli: nimekaa mezani, sipiki, sipokei wageni, na anayeandika anajibiwa papo hapo. Nje ya hapo sipo. Nilinunua laini ya pili nikaiweka kwenye simu ndogo ambayo kazi yake ni kozi tu, na saa zikiisha simu inaingia kwenye droo. Laini yangu ya siku zote wanaijua ndugu, mkuu wa idara, na viongozi wa vikundi kwa dharura.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Malalamiko yalipelekwa juu: Madam hapatikani. Niliitwa, nikaulizwa kwa upole kama nina matatizo nyumbani. Nilipeleka ratiba yangu iliyobandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kozi na kwenye kila tangazo, nikaeleza kwamba saa hizo ni nyingi kuliko saa za ofisini za mwalimu yeyote pale kitivoni, na tofauti ni kwamba zangu zimeandikwa. Nikaombwa nijaribu kuwa "mwepesi zaidi". Nikasema sawa, na sikubadilisha kitu. Nilichojilazimisha kukitunza ni upande wangu wa ahadi: Jumanne saa 2 usiku sikukosekana, hata siku ya harusi ya binamu yangu, ambayo niliihudhuria kwa vipande. Mwalimu akikosekana mara mbili katika saa alizozitaja mwenyewe, kila kitu kinarudi kule kilikotoka, maana mwanafunzi anajifunza kwamba ratiba ni mapambo na njia ya kweli ni kubisha hodi usiku.

Jumbe zilipungua nusu muhula haujafika katikati. Sikuwahi kukataza salamu. Niliomba tu kwamba salamu na swali vipande gari moja, katika ujumbe mmoja, na nami nikaahidi kuitikia vyote viwili. Wakazoea. Sasa ninapata jumbe za aina hii: "Shikamoo Madam, natumaini mmeamka salama. Swali la kikundi cha tatu ni hili." Mtu mzima amesalimia, amesema, ameondoka kwenda kazini.

Ratiba ya kozi nayo niliipanga upya kwa kufuata maisha ya wanafunzi badala ya kalenda ya kitivo. Mwisho wa kupokea kazi ulikuwa Jumapili saa 6 usiku, kwa sababu ndivyo mfumo ulivyokuja kutoka kiwandani. Jumapili usiku wote wanapakia kwa pamoja, mfumo unakwama, na mwalimu anapokea picha za skrini hadi alfajiri. Niliuhamishia Jumatano saa 10 jioni: ni siku ya kazi, walioko vijijini wameweza kufika mjini, watu wa TEHAMA wako ofisini, na mimi niko macho. Kazi zenye kuhitaji bando kubwa niliziweka mara tu baada ya mishahara kutoka. Ukimwomba mtumishi wa serikali apakie faili zito katika wiki ya tatu ya mwezi unamwomba akope. Mwezi wa Ramadhani kipindi cha usiku kinasogea hadi baada ya tarawehe, na wa Muscat huwa ndiye wa kwanza kunikumbusha. Msimu wa kulima sitoi kazi ya wiki moja. Natoa ya wiki mbili.

Vipindi vya video vya moja kwa moja nilivipunguza hadi vichache sana, na hapa najua wapo wenzangu watakaobisha. Saa moja ya video ya kundi inaweza kumeza karibu GB nzima ya mwanafunzi, na robo ya muda inakwenda kwenye "tunasikika?" na "Madam umekwama". Nilivibakiza kwa kazi moja tu, ya kutetea mapendekezo ya utafiti, ambako kuonana uso kwa uso kuna maana. Masomo yenyewe yanakwenda kwa kifurushi cha wiki: maandishi yasiyozidi MB mbili, sauti yangu ya dakika kumi, na swali moja la kujadili kikundini. Kifurushi kinawekwa Jumamosi asubuhi, kabla ya saa zangu, na vyote vya muhula huwa vimekwisha kuandaliwa kabla wanafunzi hawajafungua chuo. Hiyo ni kazi ya likizo, na inachosha. Lakini anayeandaa somo wiki ile ile anayolifundisha kwa masafa hatapata saa ya kumjibu mtu.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kwenye njia ya kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Wenzangu waliokuwa na vipindi vya video wiki ile walipoteza wiki. Kwangu wengi walikuwa wameshakipakua kifurushi Jumamosi, vikundi vikaendelea kwa simu za kawaida na SMS, na maswali yakanisubiri. Siwezi kujisifu kwamba niliyaona hayo yakija. Niliyapanga hivyo kwa sababu ya mgao wa umeme, ambao mwaka uliotangulia ulikuwa ukitutembelea bila kubisha hodi. Waya wa baharini ukafaidi bure.

Kusahihisha ndiko kulikonitesa zaidi, na bado hakujawa kwepesi. Kilichosaidia ni kugundua kwamba katika kazi mia moja makosa ni yale yale manane au tisa. Tatizo la utafiti limeandikwa kama hotuba. Malengo mahususi ni matano na hayahusiani. Sampuli ni "watu 50" bila sababu. Kila kosa nikaliandikia aya moja nzuri, yenye mfano, nikaipa namba. Kwenye kazi ya mtu naandika namba na sentensi moja au mbili zinazomhusu yeye peke yake. Aya zenyewe anazikuta kwenye barua ya darasa, ambayo naiandika kila baada ya kazi na ambayo, nimeambiwa, husomwa kwa sauti kwenye staftahi moja huko Babati. Kwa wale ambao kazi yao imeharibika kabisa siandiki. Nawarekodia sauti ya dakika mbili. Maneno makali yakisemwa kwa sauti ya upole yanapokelewa, yakiandikwa yanakuwa barua ya onyo. Na kuzungumza ni kwepesi kuliko kuandika.

Halafu ikaja ChatGPT, mwishoni mwa mwaka 2022, na kwa muda nikawa nasoma insha ambazo hazikuwa na kosa wala mwandishi. Kukimbizana nazo kungekula kila saa niliyoiokoa. Nikabadilisha maswali. Sasa natuma watu wakahesabu kitu wanachokiona kila siku: wagonjwa kwenye foleni ya kliniki kwa asubuhi tatu, watoro wa darasa la nne siku ya gulio, mashauri yaliyoahirishwa kwa wiki. Wanapiga picha ya karatasi ya hesabu iliyoandikwa kwa mkono, na uchambuzi unaanzia hapo. Sijali kama sentensi zimenyooshwa na mashine. Data ni yao, na mimi najifunza nchi yangu bila kusafiri.

Nyumbani kuna vita vyake. Mwanaume anayefanyia kazi nyumbani anaheshimiwa kama mtu mwenye siri. Mwanamke anayefanyia kazi nyumbani yuko nyumbani. Anaachiwa watoto wa jirani, anaombwa asimamie fundi wa bomba, mawifi wanapita kwa kuwa "tulijua tutakukuta". Niliwaambia wanangu kwamba kanga nyekundu ikining'inia kwenye kitasa cha chumba cha nyuma, mama hayupo. Walielewa siku hiyo hiyo. Watu wazima walichukua mwaka.

Mtu anaweza kudhani kwamba saa zote hizi nilizozikomboa nilizikomboa ili nipumzike. Nyingine ndiyo, na siombi radhi. Lakini anayeandika saa 6 usiku kuuliza kama upo, kwa kawaida hazami. Ana bando, ana simu, na ana moyo wa kuuliza. Anayezama ananyamaza. Kila Ijumaa mchana nafungua kumbukumbu za mfumo na kuangalia nani hajaingia kwa wiki mbili, na hao siwaandikii. Nawapigia. Ni simu ya kawaida, ya sauti, kwa sababu mtu aliyekata tamaa anaweza kuuacha ujumbe bila kuusoma, ila simu ya mwalimu ikiita atapokea, hata kama ni kwa aibu.

Mmoja alikuwa Mpanda, fundi sanifu wa maabara, kijana aliyeanza vizuri sana. Akapotea. Simu ilipokelewa na mtoto, kisha na mke, kisha yeye mwenyewe akaja. Alikuwa ameuza simu janja yake kulipia matibabu ya baba yake, na iliyobaki ni hii ya kitochi ya nyumbani. Alikuwa ameamua kuacha na hakutaka kuniambia. Nilimwuliza kama basi la Mpanda linapita karibu na kwake. Likawa linapita. Nikachapa vifurushi vyote vilivyobaki na kuvifunga kwenye bahasha ya kaki, nikavituma kwa basi, akavipokea stendi. Kazi zake aliziandika kwa mkono na kuzirudisha kwa njia hiyo hiyo. Maswali aliyasoma kwa simu kwa kiongozi wa kikundi chake, naye akayaweka kwenye baraza. Mama alipoziona bahasha mezani aliuliza kwa nini chuo kimerudi nyuma. Kijana alifaulu kwa C, na kwa mazingira yale ningempa zaidi kama kanuni zingeniruhusu.

Mashauri ya namna hiyo hayafupishiki. Kusimamia utafiti wa mtu mmoja mmoja nako hakufupishiki. Hapo hakuna aya zenye namba, kuna mtu na tatizo lake, na unakaa naye mpaka lieleweke. Ndiyo maana nabana kule kwingine. Na ndiyo maana nimekuwa na ugomvi wa muda mrefu na fomu ya mzigo wa kazi, ambayo kila muhula inanitaka nijaze saa za mihadhara, saa za semina na saa za mafunzo kwa vitendo. Mwalimu wa masafa akiijaza kwa uaminifu anaonekana hafanyi kitu, kisha anaongezewa kozi. Nilianza kuandika saa zangu chini ya "Nyinginezo", fomu ikarudi na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.

Mwaka jana niliomba safu mbili mpya, ya kusahihisha na ya kujibu. Ya kusahihisha wameikubali. Ya kujibu bado inajadiliwa, na mwenyekiti wa kamati ameniomba nilete ushahidi. Nimempelekea rekodi za baraza la kozi za muhula mzima, swali kwa swali, jibu kwa jibu, zimechapwa. Alipendekeza nimfanyie muhtasari wa ukurasa mmoja, nikakataa kwa heshima. Nataka kamati nayo ijue kuzisoma kunachukua muda gani.